Injini ya Isuzu, Bodi ya Land Rover: Hesabu ya Gari Kuukuu Turkana

Ukipita nyuma ya maduka ya Lodwar, au ukiingia uani kwa mtu kule Kalokol, si ajabu kukuta Land Rover iliyopandishwa juu ya magogo ya mkoma, boneti imevuliwa, na kando yake, chini ya turubai, injini isiyo yake ikingoja kuingizwa. Mwenye gari ameuliza watu watatu na amepata majibu matatu. Wa kwanza anamwambia airudishe injini ya petroli iliyotoka nayo kiwandani. Wa pili anaapa kwamba bila dizeli ya Isuzu anatupa pesa. Wa tatu anasema lami imefika, auze chuma anunue gari dogo la Probox. Juu ya hayo kuna hofu ya ukaguzi, kuna uvumi kwamba gari lililobadilishwa injini haliruhusiwi barabarani, na kuna picha za magari yaliyoinuliwa mithili ya ngamia ambazo vijana wanataka kuziiga.

Kila upande una ukweli wake. Kinachopotea katika mabishano haya ni kwamba watu wanagombania injini, ilhali gari kuukuu la Turkana huua au huokoa kwa vitu vingine: breki, usukani, chesisi na upoozaji. Injini ni rahisi kubadilisha kuliko chesisi, na pengine ndiyo sababu inazungumzwa zaidi.

Yalikotoka

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilifanywa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, na uamuzi huo wa dhiki ndio uliofanya bodi nyingi za miaka hiyo ziwe hai mpaka leo. Series II ilifuata 1958, IIA 1961, na Series III ikaundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kenya nayo iliziunganisha katika kiwanda cha Leyland pale Thika. Zile zilizofika Turkana zilikuja na serikali, polisi, wamisionari na watafiti. Hazikuja kama fahari ya tajiri. Zilikuja kama jembe.

Toyota ilikuwa na Land Cruiser ya mfululizo wa 40 tangu 1960, na ule wa 70 ulitoka 1984. Lakini kilichozijaza njia za kaskazini ni misaada. Mwaka 1989 Lokichoggio ikawa kituo cha operesheni ya kupeleka chakula kusini mwa Sudan, na 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa. Mashirika yalileta Land Cruiser nyeupe kwa wingi, na kila shirika likaja na karakana yake, stoo yake ya spea na makanika wake. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa 2005, mashirika mengi yakahamia ng'ambo ya mpaka.

Hapa ndipo penye chimbuko la jambo zima. Taasisi zinapoondoka huchukua karakana na kuacha magari. Gari huuzwa kwa mnada, mnunuzi hulipeleka nyumbani, na kuanzia siku hiyo yule aliyekuwa dereva tu anakuwa fundi, mnunuzi wa spea na mkaguzi kwa pamoja. Matengenezo ya nyumbani Turkana hayakuanza kama burudani ya Jumamosi, kama yalivyo kwa wapenzi wa magari ya zamani huko Ulaya. Yalianza kwa sababu hakuna mwingine wa kuyafanya.

Kwa nini uani, si gerejini

Kutoka Lodwar hadi Kitale ni kama kilomita 300. Kulivuta gari bovu umbali huo kunaweza kugharimu zaidi ya tatizo lenyewe. Kwa bahati, magari haya yaliundwa kwa ajili ya hali kama hiyo: chesisi ni ngazi ya chuma, kila kitu kimefungwa kwa bolti, na mtu mwenye spana, jeki na rafiki mmoja anaweza kushusha gia boksi chini ya mwarobaini. Mikono ipo pia. Chuo cha Don Bosco pale Kakuma kimefundisha umakanika na uchomeleaji kwa wakimbizi na wenyeji, na karakana za jua kali za Lodwar zinaendelea kuzaa mafundi.

Sheria ya uagizaji inaongeza uzito. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake huwezi kuagiza Land Rover ya zamani nzima ili uichinje upate spea. Akiba ya chuma iliyopo nchini ndiyo hiyo hiyo, na kila bodi inayouzwa kwa kilo inapunguza akiba ambayo haitajazwa tena.

Halafu kuna ardhi. Mchana joto hupanda hadi kukaribia digrii 40. Vumbi hupenya kila mahali. Mathenge, mti ulioletwa ukaishia kuivamia nchi, una mwiba unaopita kwenye tairi hadi kwenye tyubu. Laga, mito ya mchanga inayotiririka siku chache tu kwa mwaka, humeza gari hadi kwenye difu.

Na kule ufukweni mwa ziwa liko jambo ambalo mabingwa wa mijini hawalijui: maji ya Ziwa Turkana yana magadi, pH yake ni kama 9. Aluminiamu hujilinda kwa ngozi nyembamba inayojitengeneza yenyewe juu yake, na magadi huila ngozi hiyo. Pale bodi ya aluminiamu inapogusana na fremu ya chuma, unyevu wa chumvi huanzisha ulaji kati ya metali hizo mbili. Utaona unga mweupe ukichungulia kwenye riveti chini ya mlango. Wenye kuosha gari ziwani baada ya kubeba samaki wanadhani wanalisafisha. Likishaguswa na maji hayo linahitaji maji ya kisima siku hiyo hiyo, hasa ndani ya chesisi, ambayo ni boksi lenye matundu: mchanga na chumvi huingia na havitoki, nayo kutu huanza ndani ambako macho hayafiki.

Hoja ya kubaki na asili

Wanaotetea asili hawasukumwi na mapenzi ya makumbusho tu. Injini ya petroli ya Land Rover, yenye sentimita za ujazo 2,286, ina nguvu farasi zisizofika 80. Udhaifu huo ni ulinzi. Gia boksi, shafti za nyuma na breki vilichorwa kwa ajili ya nguvu hiyo, kwa hiyo mara nyingi injini inachoka kabla haijavunja kitu. Spea zake bado zinatengenezwa na viwanda vingi duniani, na injini yenyewe inaeleweka na fundi yeyote: plagi, karbureta, pointi za umeme, basi.

Hata chujio lake la hewa lina hekima. Ni bakuli lenye oili, na vumbi hunasa humo. Likijaa unamwaga, unasafisha kwa dizeli, unatia oili nyingine, safari inaendelea. Chujio la karatasi kwenye vumbi la Turkana likiziba linataka jipya, na asiyekuwa nalo hulikung'uta mpaka litoboke, kisha ringi za pistoni zinalipia.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye joto na kwenye mfuko. Petroli huchemka ndani ya bomba la mafuta siku ya jua kali, povu la mvuke linaziba njia, na gari linazimika katikati ya laga. Madereva wa zamani walijua dawa: kitambaa chenye maji juu ya pampu, kisha subira. Subira hiyo ni ghali kwa aliyebeba mgonjwa. Petroli pia inanywewa kupita kiasi ukiwa kwenye gia ndogo mchangani. Ile dizeli ya Land Rover yenyewe, iliyotoa nguvu farasi 62 hivi, inakula kidogo, lakini gari likiwa na mzigo, mlima unaihesabu hatua kwa hatua. Na spea za "asili" nyingi zinazouzwa leo ni za jina tu: boksi limeandikwa hivi, chuma ndani ni laini.

Hoja ya kubadilisha

Kambi ya pili ina idadi kubwa zaidi, na ina sababu. Injini zinazoingizwa ni za dizeli za Japani: Isuzu 4JA1 na 4JB1, Nissan TD27, Toyota 3L. Isuzu zimeunganishwa Nairobi tangu miaka ya 1970, kwanza na General Motors Kenya, ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa. Hivyo ringi, beringi au gasketi ya Isuzu utaipata Lodwar au Kitale, huku ya Land Rover ukiagiza barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na kungoja basi. Injini hizi hazina kompyuta, zinavuta vizuri kwa mwendo mdogo, na mafuta yanafika mbali zaidi.

Wala si Turkana peke yake. Kwenye milima ya India, kati ya Manebhanjan na Sandakphu, Land Rover za miaka ya 1950 zinaendelea kupandisha watalii, nyingi zikiwa na injini za dizeli za Mahindra. Cuba ilifanya hivyo hivyo kwa magari ya Kimarekani ilipokatiwa spea. Watu waliotengwa na kiwanda hufikia jibu moja: hifadhi bodi, tafuta moyo unaopatikana karibu.

Tatizo huanza pale moyo unapoingia na mishipa ikaachwa. Chukua breki. Injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu wakati wa kushusha mwendo, na mvuto huo ndio unaoendesha busta ya breki, lile kopo jeusi mbele ya miguu ya dereva. Dizeli haina mvuto huo. Wajapani walilitatua kwa pampu ndogo iliyofungwa mgongoni mwa alteneta. Sasa injini inafika Lodwar imetumika, alteneta yake imeungua, na fundi anaweka nyingine ya bei nafuu isiyo na pampu. Taa zinawaka, betri inachaji, kila mtu anafurahi. Siku gari likishuka mteremko na magunia ishirini, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Atakayelaumiwa ni Land Rover, wakati kosa lilikuwa la kipande cha chuma kinachoenea kwenye kiganja.

Nguvu iliyoongezeka inafuata njia yake. Shafti za nyuma za Series zilijulikana kwa kukatika hata zikiwa na injini ya asili. Ukizidisha mvuto na kuongeza tairi kubwa zitakatika mapema, na kwa kawaida hukatika pale pale ulipohitaji mvuto. Series III ndefu zilizofungwa ekseli ya Salisbury nyuma zinavumilia zaidi, na huo ni ukweli ambao mnunuzi angepaswa kuujua kabla ya kulipa. Kuna pia rediata: ya zamani ya shaba inazibwa kwa risasi na pasi ya moto hapo hapo uani, ya kisasa yenye plastiki ikipasuka ni ya kutupwa. Mwenye kutoa shaba akaweka plastiki kwa sababu inang'aa amefanya biashara mbaya.

Land Cruiser nazo zina ugonjwa wao wa mabadiliko. Injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, imejijengea heshima kwa sababu haikuwekewa turbo. Wanaoibandika turbo uani ili ipande vizuri wanaiongezea joto kwenye vyumba vidogo vya kuchomea mafuta ndani ya silinda hedi, na hedi hupasuka. Toyota ilipotaka turbo kwenye silinda sita hizo iliunda injini nyingine, 1HD-T, yenye mpango tofauti wa kuchoma mafuta. Hilo pekee lingetosha kuwa onyo.

Kuinua gari ni mtindo zaidi kuliko haja. Ukiongeza mabamba ya springi, propela inakaa kwa pembe mbaya, mipira ya breki inavutika, na uzito unapanda juu. Mchangani kinachokuokoa ni kupunguza upepo kwenye tairi, jambo lisilogharimu hata shilingi, mradi una pampu ya kuurudisha. Tairi la kawaida la 7.50 kwa 16 nalo lina faida kubwa: hata lori dogo hulivaa, kwa hiyo lipo mjini.

Hatari kuu kuliko zote ni kukata chesisi ili kurefusha gari libebe abiria na mzigo zaidi. Kuchomelea kunachemsha chuma na kukidhoofisha pembeni mwa mshono. Mshono ulionyooka wima, bila bamba la kuusaidia, uko mahali pabaya kabisa pa kubeba mizigo. Unaweza kushikilia mwaka mzima, kisha ukafunguka kwenye shimo moja.

Hoja ya kuachana nayo

Wa tatu naye asikilizwe. Barabara ya Kitale kwenda Lodwar na kuendelea Kakuma hadi Lokichoggio imebadilika sana, na kwa anayekwenda sokoni na kurudi, gari dogo linakula mafuta kidogo na lina breki bora kuliko Land Rover yoyote ya Series. Gari kuukuu halina mkoba wa hewa, mkanda wake wa kiti mara nyingi ni wa kuongezea, na magurudumu yote manne yana breki za ngoma zinazofifia zikishapata moto. Kumpakia mtoto humo kila siku kwa sababu ya mapenzi ya gari ni uamuzi unaohitaji kufikiriwa mara mbili.

Lakini lami ni uzi mmoja. Ukiuacha kuelekea Lokitaung, Todonyang, Loima au Kibish, Probox inabaki nyuma. Hata Kalokol, ukitoka barabarani kufuata samaki, ni mchanga. Mbadala wa kweli ni Land Cruiser mpya, ambayo Kenya huiunganisha Mombasa, na bei yake ni ya taasisi. Kwa familia ya kawaida, chaguo halisi ni gari kuukuu au hakuna gari. Na thamani nayo inageuka. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilikusanya magari kwa mamia na kuonyesha kwamba kitu ambacho Lodwar kinapimwa kwa kilo, kwingine kinafuatwa na wapenzi wenye pesa. Aliyeuza chesisi yenye namba yake na kitabu chake kwa bei ya chuma chakavu amepoteza zaidi ya alivyodhani.

Sheria inasemaje hasa

Kubadilisha injini si kosa. Kosa ni kuibadilisha na kunyamaza. Kitabu cha gari kina namba ya injini, aina ya bodi na rangi, na vikibadilika NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012, inapaswa kuarifiwa, gari likaguliwe na rekodi irekebishwe. Asiyefanya hivyo anabeba mashaka mawili: polisi anaweza kumshuku kwamba injini imeibwa, na kampuni ya bima ina sababu ya kukataa dai. Kwa hiyo risiti ya injini ni spea kama spea nyingine. Namba ya chesisi nayo isiguswe kwa msumeno wala kwa moto. Kuikata na kuichomelea kwingine kunaua gari kisheria hata kama linatembea.

Lawama kidogo ziende kwa utaratibu wenyewe. Mtu wa Kibish akitakiwa kusafirisha gari lililo juu ya magogo mpaka mahali pa ukaguzi ili aandikishe injini, wengi hawatakwenda. Wakaguzi wangefika Lodwar na Kakuma kwa siku zinazotangazwa, magari mengi yaliyobadilishwa yangeingia kwenye rekodi, na hatari zake zingeonekana mapema. Kwa sasa kanuni nzuri inawakuta watu wakiwa mbali nayo.

Tukiviweka kwenye mizani

Kwa gari la kazi la Turkana, kubadilisha injini kuna nguvu zaidi kuliko kubaki na asili, kwa sababu moja tu inayozidi nyingine: injini inayopatikana spea karibu ndiyo itakayorudi kutoka safari. Hilo halihalalishi kila badiliko. Petroli ya asili ibaki kwa gari lililo zima, lisilobeba mizigo, hasa la Series za mwanzo ambazo uhalisi wake ni mali. Turbo kwenye 1HZ, kuinua kwa urembo na kurefusha chesisi uani sioni hoja inayozitetea. Na anayeishi kando ya lami, safari zake zote zikiishia mjini, anunue gari dogo bila aibu, ila kuukuu lake amwuzie atakayelifufua.

Kazi yenyewe nyumbani ina mgao wake. Injini, rediata, springi, bushi, waya, matairi: uani panatosha, tena pengine pazuri kuliko gereji ya mbali, kwa kuwa mwenyewe anaona kila nati. Usukani na mshono wowote wa chesisi viende kwa mtu mwenye mashine na kipimo, hata kama ni safari ya Kitale. Breki ziko katikati. Kubadilisha viatu vyake unaweza, lakini zijaribiwe gari likiwa na mzigo kamili, kwenye tambarare, kabla ya mteremko.

Pesa zikiwa haba, na Turkana huwa haba, zianze mahali pasipoonekana. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa hujibu kwa sauti butu, na mara nyingine nyundo huzama. Nyundo ikizama kwenye mkono wa springi ya nyuma, injini iliyo chini ya turubai ingoje hapo ilipo.